Kwa Kuwa Choo Hakina Mlango

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru; mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye ametuma udhuru, lakini wa kwake una muhuri; Mwalimu Mkuu na jopo lako la walimu, wa zamu na wasio wa zamu; Katibu wangu mchapakazi, ambaye vidole vyake viwili ndivyo vilivyochapa kila neno mtakalolisikia leo; viongozi wa dini mliofika na mlio njiani; wazee wetu, kina baba, kina mama, na kina shangazi mliokuja kwa niaba ya kina baba; wajumbe wa kamati kuu, kamati ndogo, na kamati ndogo ya kamati ndogo; fundi mitambo uliyekiunga kipaza sauti hiki kwa waya na utepe; mke wangu mpenzi, bibi wa wajukuu zangu, pale benchi la tatu karibu na dirisha; na ninyi wazazi wote kwa ujumla wenu, kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo kwa subira yake: itifaki imezingatiwa! (Makofi.) Nasema itifaki imezingatiwa! (Makofi machache. Sauti kutoka nyuma: "Tumesikia, Mzee Itifaki!" Kicheko.)

Nimelisikia jina hilo, wala silikatai. Wengine huitwa kwa ukoo, wengine kwa mtoto wa kwanza, mimi mmeniita kwa utaratibu, nami nalivaa kama nishani, kwa maana katika miaka yangu ishirini na miwili ya kuuongoza Umoja huu wa Wazazi na Walimu, hakuna mkutano hata mmoja ulioanza bila ajenda, hakuna ajenda iliyopita bila muhtasari, na hakuna muhtasari uliosomwa bila kusahihishwa, na kama yupo anayebisha, asimame, ataje tarehe, na aambatanishe kielelezo. (Hakuna anayesimama.) Ahsanteni.

Ndugu wadau, leo tumekusanyika katika ukumbi huu, ambao siku nyingine zote ni darasa la nne na darasa la tano, na ambao asubuhi hii tumeuondolea mbao za katikati, huku wenyewe wakitusubiri uwanjani kwa nidhamu ya hali ya juu, (kelele za watoto kutoka nje) kwa nidhamu ya wastani, ili tuzindue rasmi Azimio Namba Moja, toleo la kumi na nne lililorekebishwa, kuhusu Programu Jumuishi ya Kuimarisha Infrastrakcha ya Faragha kwa Mtoto wa Kike katika Mazingira ya Kujifunzia, ambayo kwa lugha ya mtaani mtu anaweza kuiita mlango wa choo cha wasichana. (Makofi. Kigelegele kimoja, kinakatika njiani.)

Naomba niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu taasisi isiyojua ilikotoka haiwezi kuandika ripoti ya ilikofika. Mwaka juzi, baada ya zile mvua kubwa zilizoezua paa la stoo, tulikuwa katika kipengele cha mwisho cha ajenda, yaani Mengineyo, watu wameshaanza kutafuta viatu vyao kwa miguu chini ya mabenchi, mara akasimama mama mmoja, fundi cherehani, yule mwenye kibanda mkabala na lango la shule, futi ya kupimia bado imemning'inia shingoni, akasema bila hata kuomba nafasi, "Mwenyekiti, mvua imeng'oa mlango wa choo cha wasichana. Sasa wanajisitiri kwa shuka. Mmoja akiingia, wawili wanashika shuka, na wavulana wanapita wanacheka. Tufanyeje?"

Mimi, kama ilivyo desturi ya ofisi, nikamwuliza, "Mama, hoja yako iko wapi?"

Akasema, "Ndiyo hiyo nimeisema."

Nikamwambia, "Mama yangu, hoja isiyoandikwa ni uvumi."

Akanijibu, "Mwenyekiti, mimi ni fundi cherehani, si karani."

Nami nikamwambia, na maneno haya yako kwenye muhtasari, ukurasa wa sita, "Basi shona sentensi." (Kicheko. Mwalimu Mkuu anaandika jambo.)

Ndugu wajumbe, yule mama alikwenda akashona. Mkutano uliofuata alikuja na karatasi ya kukatia nguo, ile ya kaki, imeandikwa kwa chaki ya fundi: "Tunaomba mlango." Basi! Maneno mawili! Hata tangazo la mbuzi aliyepotea lina maneno mengi kuliko hayo. Hakuna kichwa cha habari, hakuna usuli, hakuna mtoa hoja, hakuna muunga mkono. Nani anaomba? Anamwomba nani? Mlango wa nini, wa kwenda wapi? Kamati iliirudisha karatasi hiyo kwa barua rasmi yenye kurasa tatu, nami najivunia kusema kwamba barua hiyo niliiandika mwenyewe. (Makofi kutoka meza kuu.)

Lakini kiongozi si wa kukosoa tu. Kiongozi hufanya kapasiti bildingi. Kwa Jumamosi tatu mfululizo nilikwenda kwenye kibanda chake, nikakaa kwenye kile kigoda cha wateja, miguu yangu imezama katika vipande vya sare, na huku yeye akishona makola, nikamfundisha misingi ya azimio kama inavyokubalika kokote watu wanakokaa vikao. Nikamwambia, azimio lina kichwa, ili lijulikane. Lina "kwa kuwa", ili lieleweke. Lina "hivyo basi, iazimiwe", ili liume. Na mwisho linataja nani atafanya na lini, kwa sababu azimio lisilotaja nani na lini si azimio, ni dua. Akasimamisha cherehani, akaniuliza, "Mwenyekiti, hizo 'kwa kuwa' zikiwa ngapi ndiyo zinatosha?" Nikamjibu, "Mama, 'kwa kuwa' hazitoshi kamwe." Tangu siku hiyo alikuwa akikata kitambaa huku akinong'ona kwa kuwa, kwa kuwa, hata watoto wanaopita kwenda shule wakamwita Mama Kwakuwa, na leo hata mume wake humwita hivyo, nadhani kwa mapenzi. (Kicheko. Sauti ya mwanaume: "Kwa mapenzi kabisa!")

Toleo la pili, basi, likaja likiwa na "kwa kuwa" sita na nani na lini vimekaa mahali pake, nalo likapelekwa kamati ndogo kwa ajili ya uchambuzi wa kina, na hapo ndipo, ndugu wadau, nataka mwone jinsi taasisi yenu inavyofanya kazi kwa umakini usio na mfano. Mjumbe mmoja, ambaye kwa staha sitamtaja, (wote wanamtazama mwalimu wa Kiswahili) aliinua hoja nzito ya kisarufi. Alisema: mlango ni nini? Je, mlango ni ule ubao unaofunguka na kufungwa, au ni ule uwazi ambao mtu hupita? Kwa sababu kama mlango ni uwazi, basi choo cha wasichana hakikosi mlango. Kina mlango mkubwa kuliko vyoo vyote shuleni hapa, na kuomba mlango mwingine itakuwa ni ubadhirifu! (Miguno.) Msigune, ndugu zangu. Suala hilo lilituchukua miezi minne. Tulifungua kamusi mbili, tukaunda kamati ndogo ya kamati ndogo, na hatimaye tukafikia mwafaka kwamba kinachoombwa kiitwe "ubao wa mlango, pamoja na viambatisho vyake", na fundi seremala wetu, yule mrefu pale nyuma mwenye bisibisi mfukoni, tukamwita kama mtaalamu mshauri ili atuambie viambatisho ni nini. Akatuambia, "Ni bawaba." Tukamshukuru, tukaandika "bawaba na kadhalika". Akasema, "Hamna kadhalika, Mwenyekiti. Ni bawaba na komeo, basi. Na nimeshapima. Nipeni mbao nifanye leo." Tukamwambia asiutangulie mchakato.

Toleo la tano likakwama kwa sababu muunga mkono wake alihama mtaa, na azimio lisilo na muunga mkono ni kama mkasi wa jino moja. Toleo la saba lilimwagiwa chai. Katika toleo la tisa ndipo palipotokea mvutano mkubwa, kwa kuwa kila tulipofika pale penye nani na lini, kila mjumbe alimtazama mwenzake, na urafiki wa miaka ukaanza kuyumba. Nami, kwa busara niliyojaliwa, nikapendekeza kwamba kwa ajili ya kulinda umoja ndani ya Umoja, neno nani na neno lini yaondolewe kwa muda, na badala yake tuweke "wahusika" na "katika muda muafaka". Mara moja amani ikarejea. Tuliagana kwa kushikana mikono. (Makofi ya wajumbe wa kamati pekee.)

Sasa mtaniuliza, Mzee Itifaki, impakti iko wapi? Nina takwimu. Kwa muda wa miezi kumi na tisa tumefanya vikao arobaini na kimoja. Mahudhurio ya kamati yamepanda kwa asilimia thelathini na tatu, yaani aliongezeka mtu mmoja juu ya watatu. Karatasi zilizotumika ni mia sita na kumi na mbili, zote pande mbili, kwa kulinda mazingira. Na nimelitunza lililo kubwa hadi sasa: nilimwagiza Mwalimu wa Afya afanye ufuatiliaji na tathmini, akakaa karibu na mtungi wa maji wiki mbili akiwa na daftari, naye akagundua kwamba tangu Programu hii ianze kujadiliwa, unywaji wa maji miongoni mwa wasichana wa shule hii umepungua kwa asilimia sitini na mbili! Asilimia sitini na mbili, ndugu zangu! Katika zama hizi ambapo kila mahali watu wanalia na uhaba wa maji, mabinti zetu wenyewe wameonyesha moyo wa kubana matumizi ambao...

(Makofi hayapigwi. Benchi linalia; mama fundi cherehani amesimama, futi shingoni, mkono juu.)

Naona mkono. Mama Kwakuwa, kwa kawaida hotuba haikatizwi. Hoja ya utaratibu? Ni hoja ya utaratibu? Kama ni ya utaratibu, mikono yangu imefungwa. Sema.

("Mwenyekiti, hawabani matumizi. Hawanywi maji ili wasiende chooni.")

Samahani?

("Hawanywi. Asubuhi wanatoka nyumbani hawajanywa, mapumziko hawanywi, wanakaa hivyo hivyo mpaka kengele ya mwisho, wanakimbia nyumbani. Binti yangu wa darasa la sita, Jumanne iliyopita, katikati ya hisabati alianguka. Alikuwa ubaoni anagawanya. Tulipomfikisha zahanati, muuguzi akamtazama ulimi, akasema, 'Mtoto huyu hana ugonjwa. Ana kiu.' Kiu, Mwenyekiti. Mtungi uko mlangoni mwa darasa lao." Mwalimu wa hisabati anainamisha kichwa.)

Ndugu wajumbe, hilo... Katibu, hilo lilikuwa kwenye ripoti? (Katibu anatikisa kichwa.) Halikuwa kwenye ripoti. Mama, pole sana. Mkutano unatoa pole, na pole hiyo iingie kwenye muhtasari. Sasa, kwa kuwa hoja yako ni ya mdomo, ningekuomba uiandike na uiwasilishe kwa...

("Nimeiandika." Anakunjua karatasi ya kaki. "Naomba kutoa azimio la dharura, Mwenyekiti. Ulinifundisha kwamba la dharura halingoji ajenda.")

Nilikufundisha hivyo? (Kicheko kidogo.) Nilikufundisha. Jumamosi ya tatu. Haya, lina kichwa?

("Lina kichwa: Azimio la Kuhamisha Mlango.")

Endelea.

(Anasoma polepole, kidole kikifuata mstari: "Kwa kuwa choo cha wasichana cha shule hii hakina ubao wa mlango tangu mvua za mwaka juzi, na kwa kuwa mabinti zetu wanashinda na kiu ili wasikiingie, na kwa kuwa ofisi ya Umoja huu ina ubao wa mlango, wa mbao ngumu, wenye bawaba tatu na komeo la ndani, na kwa kuwa ndani ya ofisi hiyo hamna kitu ila maazimio, nayo hayaoni haya, hivyo basi, iazimiwe na mkutano huu kwamba ubao wa mlango wa ofisi ya Umoja ung'olewe na ukafungwe katika choo cha wasichana, na kazi hiyo ifanywe na fundi seremala aliyemo humu ukumbini, leo, kabla ya saa sita mchana." Minong'ono. Mtu anapiga kofi moja, anaacha.)

Nyamazeni. Utaratibu, tafadhali! Niletee hiyo karatasi, mama. Nataka kuiona kwa macho yangu. (Karatasi inapita mkono kwa mkono hadi meza kuu. Mwenyekiti anavaa miwani.)

Kichwa kipo. Kimepigiwa mstari. "Kwa kuwa"... moja, mbili, tatu, nne. Nukta mkato kila mahali panapostahili. "Iazimiwe na mkutano huu", siyo "tunaomba", iazimiwe. Nani: fundi seremala. Lini: leo, kabla ya saa sita. Ubao wa mlango, siyo mlango. Ndugu wajumbe, nisiwafiche. Miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye kiti hiki nikipokea karatasi za kila namna, nyingine zimeandikwa na watu wenye digrii, na sijawahi kushika azimio lililokaa mwilini namna hii, kama koti lililopimwa. Na linanivua nguo mimi mwenyewe. (Kicheko kirefu.)

Kile ni chumba changu cha kazi, mama. Mle ndani mna makabati. Mna upepo. Lakini fomu haina kasoro, na mimi siwezi kukataa azimio lisilo na kasoro ya fomu, siwezi, hata nikitaka, na leo, kwa kweli, nilikuwa nataka. Limebaki jambo moja tu. Linahitaji muunga mkono. Nauliza mara ya kwanza: yupo muunga mkono? (Wazazi wanatazamana, wengine wanaangalia sakafu.) Msiniogope, mimi ni mtumishi wenu. Nauliza mara ya pili. Bila muunga mkono, utaratibu ni utaratibu, azimio litakuwa...

("Naunga mkono.")

Nani huyo? Asimame, aonekane, aandikwe.

(Mke wa Mwenyekiti anasimama benchi la tatu karibu na dirisha. "Mimi. Naunga mkono.")

Bibi, wewe... Keti kidogo, mama watoto, hili ni suala la kikao.

("Na mimi ni mlezi, nina mjukuu shuleni hapa, jina langu liko kwenye daftari la wanachama. Au haliko?")

Liko. Namba kumi na saba.

("Basi niache niseme. Babu yake, huyu mjukuu wako akirudi saa tisa, kitu cha kwanza anafanya nini?")

Anakunywa maji.

("Anakunywa vipi?")

Anakunywa jagi zima. Amesimama. Bila kuvua begi. Kila siku. Mimi huwa namwambia taratibu, yatakupalia. Nilidhani... Bibi, mimi nilidhani ni chumvi ya mboga unayomfungia ya mchana. Nilikuwa nakwambia upunguze chumvi.

("Mwaka na nusu unaniambia nipunguze chumvi. Mboga haina chumvi tena, tunakula kama wagonjwa. Nilimwuliza mtoto juzi, ndipo akaniambia. Akasema, 'Usimwambie Babu, atasema niandike.'" Hakuna anayecheka.)

Alisema hivyo?

("Alisema hivyo.")

Mkutano uniwie radhi. Nakunywa maji kidogo. (Anashika glasi iliyo mezani. Anaitazama. Anairudisha bila kunywa.) Tuendelee.

Azimio lina mtoa hoja, lina muunga mkono, na sasa linafunguliwa kwa mjadala na marekebisho. Mwenyekiti anayo haki, kwa mujibu wa kanuni zetu, ya kupendekeza rekebisho moja, nami kwa mazoea tu, msinielewe vibaya, ningependekeza maneno "leo, kabla ya saa sita mchana" yasomeke "katika muda muafaka". Yupo anayeunga mkono rekebisho hilo? (Hakuna. Wajumbe wa kamati ndogo wanatazama dari.) Hata ninyi? Sawa. Rekebisho limekufa kifo cha kawaida. Fundi seremala, swali la kitaalamu: mlango wa ofisi utaingia kwenye fremu ya choo?

("Utaingia, Mwenyekiti. Nilipima vyote viwili mwaka juzi. Niurande chini kidogo tu, upana wa kidole.")

Kwa nini hukusema?

("Mliniambia nisiutangulie mchakato.")

Andika, Katibu, mtaalamu ameridhia. Tunapiga kura. Wanaokubali, wainue mikono. (Mikono inainuka, benchi kwa benchi, hata kwa walimu. Watoto wachache wamechungulia dirishani nao wameinua.) Walio dirishani hawahesabiki, lakini nimewaona. Wanaokataa? Hakuna. Wasio na upande? Katibu, wewe una upande gani? ("Mwenyekiti, mikono yangu inaandika.") Simamisha uandishi, mkono uinuke. Safi. Na huu hapa juu ya meza kuu ni mkono wa nani? Ni wangu. Najua mwenyekiti hapigi kura ila zikifungana. Andika kwamba mwenyekiti alikuwa anajinyoosha. (Kicheko, makofi, vigelegele vinavyofika mwisho.) Azimio limepita! Fundi, ufunguo huu hapa. Ile bawaba ya juu ina kutu, nenda nayo polepole.

(Fundi seremala anatoka, wanaume wawili wanamfuata. Baada ya muda, nyundo inagonga upande wa ofisi, kisha randa inakwaruza upande wa choo.)

Ndugu wadau, hotuba yangu ina ukurasa mmoja uliobaki, ukurasa wa shukrani, ambao Katibu aliuchapa tangu wiki iliyopita, na kilichochapwa kimechapwa. Mkutano usiofungwa rasmi unahesabika kuwa bado unaendelea, na sitaki mke wangu anihesabu kuwa bado nipo kikaoni nikifika nyumbani. Kabla ya hapo, kaulimbiu. Ile iliyoandikwa hapa ni ndefu, inaanzia "Pamoja tukijielekeza kimkakati", nimeiacha. Nikisema "Kwa kuwa!", mniitikie "Hivyo basi!" Kwa kuwa! ("Hivyo basi!") Kwa kuwa! ("Hivyo basi!") Ubao! ("Wa mlango!") Nani? ("Fundi!") Lini? ("Leo!") Mama Kwakuwa, unaona darasa lako hili? Limefaulu lote.

Sasa nasoma shukrani kama zilivyo. "Kwa niaba ya Umoja, namshukuru kwa dhati mfadhili mkuu wa Programu hii, Ndugu..." Katibu, hapa kuna nukta. Nukta tupu. ("Ulisema tutajaza, Mwenyekiti.") Ndugu Nukta Nukta Nukta, "kwa moyo wake wa kujitoa. Namshukuru mkandarasi wetu mahiri..." nukta tena, "kwa kuukamilisha ubao wa mlango kwa ubora wa kimataifa. Nawashukuru pia wajumbe wa Kamati ya Utekelezaji", ambao, wazazi wangu, wangesimama sasa hivi mkawaona kama wangekuwa wameteuliwa. Azimio Namba Moja, toleo la kumi na nne, mlilokuja kulizindua leo, halikumtaja mtu, halikutaja siku, na hakuna mbao iliyoagizwa, wala barua ya kuagiza mbao, wala kikao cha kuijadili barua hiyo. Programu Jumuishi haikuwahi kuwepo. Kulikuwa na jina lake tu, nalo nililitunga mimi, na siku nilipolitunga nilirudi nyumbani nimefurahi sana.

Ahsante, mama fundi, na umpe binti yako pole yangu, ya mdomo, isiyoandikwa. Ahsanteni nyote kwa kunisikiliza. Mkutano umefungwa saa tano na dakika ishirini. Nawaomba tutoke taratibu, tupitie upande wa uwanjani, tusikatize kule nyuma chooni, maana fundi bado anakaza bawaba ya tatu, na foleni ya wasichana imeshafika kwenye mlingoti wa bendera.